Mmbea wa Ukutani

Siku mtoto wa Bi Pindo alipotuambia kwamba nyumba inaweza kufundishwa kumjua mtu, nilicheka mpaka pini zikanidondoka mdomoni. Nilikuwa nimezibana kwenye meno nikimpima mteja kiuno, zote zikamwagika sakafuni. Bi Pindo hakucheka. Alimtazama mwanawe kama alivyowatazama wateja walioleta kitambaa pungufu na kutaka gauni refu, akamwambia, "Endelea mwanangu, tunakusikia."

Huu ni mwezi wa tano tangu tumzike, na kila nikikumbuka kicheko changu cha siku ile nataka kukirudisha. Moyo wangu umevunjika na sioni haya kusema hivyo. Watu wananiambia nimshukuru Mungu kwa miaka tuliyokaa pamoja. Namshukuru. Bado nalia.

Bi Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina alipewa na wateja kwa sababu ya mapindo yake: sketi akiipinda yeye, unatafuta mshono mpaka unachoka. Tulifanya kazi pamoja miaka ishirini na sita katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mimi nikitokea nyumba ya pili tu. Yeye alikata na kushona. Mimi nilikuwa wa vifungo, pasi na maneno mengi. Mumewe alifariki mtoto akiwa darasa la pili, naye akamlea mtoto huyo mmoja kwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu ambayo hakuiacha hadi mwisho, ingawa mwanawe alimnunulia ya umeme. Ile ya umeme ilikaa juu ya kabati ndani ya boksi lake. Alisema ina haraka sana, haimpi mtu nafasi ya kufikiri.

Kijana mwenyewe alikuwa wa kufungua vitu. Alifungua redio, akafungua saa ya ukutani, akafungua pasi yangu, na hiyo pasi sijamsamehe. Mtaani tukamwita Injinia kwa utani, kisha utani ukageuka kweli. Alisoma, akaajiriwa na kampuni ya kufunga mitambo ya kisasa majumbani na maofisini, katika mji ulio mbali nasi mwendo wa siku nzima kwa basi. Akaoa huko, akapata watoto huko.

"Mama mdogo," aliniambia siku ile ya pini, "watu wanadhani kompyuta ni lile sanduku la mezani. Hayo yanapita. Kompyuta itaingia kwenye taa, kwenye kitasa, kwenye godoro, kwenye birika la chai. Itakuwa kama chumvi kwenye mboga, huioni lakini ipo."

"Na ikizidi?" nikamuuliza.

"Ikizidi mtaniita nije kuipunguza."

Simsemi vibaya. Alimpenda mama yake, na mtu akitaka kumlaani mbele yangu nitamfukuza kwa mwiko. Mama alikuwa na shinikizo la damu, alikuwa anaishi peke yake, na yeye alikuwa mbali. Alitaka awe naye bila kuwepo. Ni nani aliyeondoka kwao asiyetaka hivyo?

Alikuja likizo na begi zima la vidude. Cha mlangoni kilijua mlango umefunguliwa saa ngapi. Cha jikoni kilijua friji na birika. Kingine, chembamba kama bitana, alikilaza chini ya godoro. Kikubwa chao, cheupe, saizi ya kikombe, chenye kitaa cha kijani, alikipachika juu kwenye ukuta wa chumba cha mbele. Hicho ndicho kilichotazama nani anatembea na nani ametulia, kikakusanya habari za wenzake wote, kikazipeleka kwenye simu ya Injinia. Bi Pindo akavipa majina siku hiyo hiyo. Cha mlangoni akakiita Bawabu. Cha jikoni akakiita Mdoezi. Na yule mkubwa wa ukutani, mchukua habari, akawa Mmbea.

Wiki ya pili tu Mmbea alituaibisha. Chumba kilikuwa na wateja wawili, simu ikaita, Bi Pindo akaiweka kwenye spika kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. "Mama," Injinia akasema kwa sauti ya kwenye mkutano, "jana usiku umeenda chooni mara nne. Umemwambia daktari?" Mteja mmoja akajifanya anatazama vifungo. Bi Pindo akakata simu bila kujibu, akapanda kiti, akamfunika Mmbea kwa kipande cha satini. Haikupita nusu saa simu ikaita tena: "Mama, kuna kitu kimefunika kifaa."

"Kinaona haya," akajibu. "Kiache kidogo."

Tulicheka wiki nzima. Umeme ukikatika, Injinia alipata ujumbe kwamba mama yake hayupo duniani, na sisi tuko mezani tunakunywa chai. Tuliyachukulia yote hayo kama mchezo wa mtoto aliyekua.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo mimi sikuliona mapema, yeye aliliona. Zamani Injinia alikuwa anapiga simu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Umekula nini mama, umelala vizuri, umemeza dawa, nani amekuja. Kutoka hapo wanaingia kwenye umbea halisi, wanataniana, mpaka simu inapata moto sikioni. Baada ya vidude kufungwa, majibu ya maswali yale yote alikuwa nayo mfukoni. Alijua amelala saa ngapi na friji imefunguliwa mara ngapi. Akawa hana cha kuuliza. Simu za Jumapili zikawa za Jumapili moja moja, kisha zikawa za sikukuu.

"Si umpigie wewe?" nilimwambia.

"Nilimpigia. Kaniambia, 'Mama niko kazini, nitakupigia, nimeona uko vizuri.'" Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Nimeona uko vizuri. Sasa mtu ameshakuona, utamwambia nini?"

Kuna kona moja aliigundua kwa bahati. Cherehani yake ilikaa nyuma ya kabati kubwa la nguo za wateja, pembeni kabisa, karibu na dirisha. Kabati lilimziba Mmbea. Siku moja Bi Pindo alikuwa na kazi ya kutarizi kwa mkono, akaketi pale zaidi ya saa mbili bila kuinuka. Simu ikalia. Ni Injinia, anahema.

"Mama! Uko salama? Mashine inasema hujasogea tangu asubuhi!"

"Nipo mwanangu. Nimekaa tu."

"Umenitisha. Hebu ongea, nisikie sauti yako. Umekula?"

Akaongea naye dakika ishirini. Nilipoingia na pasi yangu nilimkuta uso umemng'aa, anaimba wimbo wa zamani ambao maneno yake alikuwa hayajui vizuri. Hakuniambia kitu. Jumamosi iliyofuata nikamkuta kwenye kona ile ile, mikono mapajani, hashoni, hatarizi, hafanyi lolote.

"Unaumwa?"

"Shh. Kaa mbali na Mmbea, usije ukamwambia kuna mtu anatembea humu."

Ndipo akanieleza. Nilicheka na yeye akacheka, wanawake wazima tumejificha nyuma ya kabati kama watoto wanaokwepa kuosha vyombo. Saa mbili zilipotimia simu ikaita kweli. Akaiacha iite mara tatu ili asionekane alikuwa ameikalia.

"Lakini dada," nikamwambia baadaye, "kwa nini usimwambie tu kwamba umemkumbuka?"

Akatunga uzi kwenye sindano. "Mimi nikimpigia ananiambia subiri. Kidude kikimpigia anapokea papo hapo. Na mama hamwombi mtoto amkumbuke. Mtoto akikumbushwa na mashine, basi si mimi niliyeomba."

Aliniapisha nisiseme. Nikaapa, maana niliona ni utani, na ahadi ni deni. Laiti ningejua deni lenyewe litalipwa na nani.

Ikawa desturi yake. Si kila wiki, alijizuia, maana hakutaka kumchosha. Angesubiri ipite wiki mbili bila simu, ndipo angeingia kwenye kona. Alivaa vizuri, amini usiamini, kana kwamba simu inaona. Injinia naye alikuwa anapiga, lakini ile pumzi ya kwanza ya kuhema ilikuwa inapungua. Dakika ishirini zikawa saba. Saba zikawa mbili. Mara ya mwisho niliyosikia mwenyewe, alisema, "Ni kile kidude tena mama, kinasumbua. Uko sawa eeh? Haya." Akakata.

Fundi akisikia kengele inalia bila moto, hatamuuliza mwenye nyumba ana huzuni gani. Ataitengeneza kengele. Hilo ndilo alilolifanya, kutoka huko huko aliko, kwa kubonyeza kwenye simu yake. Kwanza alikiambia kidude kisubiri saa nne badala ya mbili. Bi Pindo akakaa saa nne. Mgongo ulimuuma siku tatu, nikamkanda kwa maji moto huku namgombeza. Kengele ikalia tena. Basi Injinia akafanya ujanja mkubwa zaidi. Alipiga simu, safari hii kwa hiari yake, ana furaha.

"Mama, nimelimaliza lile tatizo. Nimekiweka kwenye hali ya kujifunza. Kimesoma mienendo yako ya miezi yote, kimegundua kuwa kuingia nyuma ya kabati na kukaa kwenye kona ile ni kawaida yako. Hakitakusumbua tena."

"Ahsante mwanangu," akasema. "Umefanya vizuri."

Akaiweka simu juu ya meza ya kukatia. Nilikuwa nashona kifungo cha koti, nikaacha.

"Kinasemaje?" nikauliza.

"Kimenizoea," akasema. "Hata Mmbea sasa amenizoea."

Sijawahi kumwona akilia kwa ajili ya mumewe, kwa sababu wakati ule alikuwa na mtoto wa kulisha. Siku hiyo aliingia chumbani, akafunga mlango, akakaa humo mpaka giza. Nilisimama nje ya mlango nikamwambia nampigia Injinia sasa hivi na kumweleza yote. Akanijibu kutoka ndani kwamba nikifanya hivyo nisikanyage tena kwake. Nilimjua. Asingenyanyua uso wake mbele ya mwanawe ikijulikana kwamba alikuwa anajificha ili apigiwe simu. Nikanyamaza. Nilikuwa na nafasi ya kusema na sikusema, na hilo hakuna atakayenifariji nalo.

Aliendelea kuketi kwenye kona siku moja moja. "Pengine atajisahau," alisema, akimaanisha Mmbea.

Binti yangu alijifungua, nikasafiri Jumatatu kwenda kumtazama. Jumatano kabla ya adhuhuri nilimpigia Bi Pindo nimpe habari kwamba mtoto ana pua yangu, masikini. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, na tena. Nikampigia Injinia.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Mama yako hapokei. Hebu mtazame huko kwenye vidude vyako."

Nilisikia vyuma vinagongana, alikuwa kazini kwenye jengo la watu. "Nimemwona. Yuko kwenye kona yake tangu asubuhi, kila kitu kijani. Labda simu iko mbali naye."

Nikajua mara moja, au nilidhani najua. Nikajisemea, amekaa anakusubiri wewe, zuzu. Nikamwambia, "Basi mpigie wewe, baba. Ukipiga wewe atapokea."

"Nitampigia jioni, niko juu ya ngazi."

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nilikuwa na methali hiyo mdomoni nikaimeza, kwa sababu ya kile kiapo, na kwa sababu mjukuu alianza kulia. Lakini nilipompigia Bi Pindo mara ya nne na bado hapokei, nilipanda basi mchana huo huo, nikafika jua linaelekea kuzama, nikaingia kwa ufunguo wangu. Mmbea alikuwa kijani ukutani. Bi Pindo alikuwa kwenye kona, ameegemea ukuta, jicho moja liko wazi, na mkono wake, wa moto siku zote, ulikuwa baridi.

Daktari alisema mshipa ulipasuka kichwani asubuhi. Alisema hakufa papo hapo. Injinia, aliyefika kesho yake na nguo za kazi, alimuuliza mama alikaa muda gani akiwa hai. Daktari yule ni kijana, hajajifunza kusema uongo. "Saa kadhaa," akasema. "Angeletwa mchana, tungekuwa na la kujaribu."

Mchana. Injinia aliganda akitazama kalenda ya ukutani. Hakuna aliyemgusa.

Tulizika. Wateja walikuja wamevaa nguo alizozishona, na hilo lilinishinda kuliko maiti yenyewe. Siku ya tisa Injinia akaja kuvifungua vidude. Aliviweka sakafuni kwenye gazeti, Bawabu, Mdoezi na mwenzao wa godoro, na Mmbea akamshika mkononi. Alikuwa amekonda kwa siku zile chache. Akaanza kuniambia, haraka haraka, kama mtu anayesoma ripoti.

"Kosa ni langu, mama mdogo. Niliona kabati, nikalipuuza. Na kifaa chenyewe kilikuwa na hitilafu tangu mwanzo, kengele za bure kila mara, ndiyo maana nikakilegeza. Nimeshawaandikia ofisini. Kila chumba kiwekewe viwili, kila kona ionekane. Na saa ya mkononi ya kupima mapigo. Hakuna mama mwingine atakayekufa hivi."

Nilikuwa nimekusudia kuzikwa na siri yangu. Lakini nilipomsikia anapanga vidude viwili kila chumba, hasira ikanipanda. Nikaona ataishi maisha yake yote akirekebisha kisichokuwa kibovu.

"Hakikuwa na hitilafu," nikamwambia.

"Mama mdogo, mimi ndiye fundi. Ninazo zote hapa." Akanionyesha simu. Ilikuwa orodha ndefu ya tarehe, na mbele ya kila tarehe ameandika mwenyewe: kengele ya bure.

"Alikuwa anajificha pale kwa makusudi. Anakaa bila kusogea mpaka mashine ikushtue, ili umpigie."

Hakuelewa. Niliona hakuelewa, nikarudia polepole, nikamweleza mwanzo hadi mwisho, kiapo na yote. Alinisikiliza huku anatikisa kichwa. Kisha akafungua mahali pengine kwenye simu, pale panapoandikwa simu alizopiga, akawa anakwenda huku na kurudi kule. Kengele ya bure, dakika ishirini. Kengele ya bure, dakika kumi na moja. Kengele ya bure, saba. Alisoma kwa sauti. Alisoma zote thelathini na moja, na alipofika kwenye zile za dakika moja moja sauti ilimwishia, akaendelea kusoma kwa midomo tu.

"Kwa nini hamkuniambia?" akasema. "Mngeniambia tu."

"Nilipaswa kukuambia. Ni kosa langu na ninalibeba. Nisamehe, mwanangu."

Hakusema amenisamehe, na sikumdai. Akakaa chini sakafuni, mtu mzima wa kilo tisini, katikati ya vidude vyake. Baada ya muda mrefu aliinua uso, na nikajua atakachouliza kabla hajafungua mdomo.

"Ile Jumatano. Alikuwa anashona, au alikuwa ananisubiri?"

Nilikuwa nimemwambia ukweli wote mpaka hapo, na ningeweza kumalizia.

"Alikuwa anashona," nikamwambia. "Sketi ya mteja. Alikuwa amefika nusu ya pindo."

Akashusha pumzi ndefu, akalia. Nikamshika kichwa kwenye tumbo langu kama nilivyomshika siku alipofungua pasi yangu akaungua.

Cherehani ilikuwa imefunikwa. Hapakuwa na kitambaa wala uzi. Nilipoingia jioni ile Bi Pindo alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, simu iko mapajani, na kidole gumba kiko juu ya kioo, pale pale pa kupokelea.